Somo: Kupima naitrojeni inayopotea katika Bahari ya Arabu

Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, maji baridi yenye virutubisho huibuka pwani ya Oman. Mwani hustawi, hufa, huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni. Ndiyo maana huko chini, kuanzia mita 150 hivi hadi karibu 1,000, kuna tabaka la maji ambalo oksijeni yake karibu imekwisha. Humo bakteria hupumua nitrati badala ya oksijeni, na naitrojeni hutoka kama gesi ambayo viumbe wengi hawawezi kuitumia.

Hatua ya 1: piga hesabu. Kwa wastani, viumbe wa baharini hutumia atomi 16 za naitrojeni kwa atomi 1 ya fosforasi. Tuseme umepima nitrati 20, nitriti 4 na fosfeti 2.4, zote kwa maikromoli kwa lita. Ulitarajia 38.4 (16 × 2.4), umekuta 24 (nitrati na nitriti pamoja). Pengo ni 14.4, ndiyo naitrojeni iliyopotea.

Hatua ya 2: teka maji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Maji yakishapanda na chupa ya Niskin (chupa ya kutekea maji ya kina kirefu), ingiza mpira mwembamba hadi kwenye kitako cha kichupa cha kioo. Acha maji yafurike walau mara tatu ya ujazo wake. Toa mpira taratibu huku maji yakiendelea kutoka, weka dawa ya kuua bakteria, funga. Kisha kipindue na ukigonge kwa ukucha. Ukiona kiputo kinapanda, hata kama ni kidogo kama kichwa cha pini, mwaga uanze upya. Hewa ni naitrojeni asilimia 78, kwa hiyo kiputo hicho kinakudanganya kabisa. Asubuhi moja nilimwaga vichupa kumi na viwili, kumbe mpira ulikuwa na ufa.

Hatua ya 3: pima gesi ya naitrojeni pamoja na gesi ya agoni kwa spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha gesi kwa uzito wake. Maji tayari yana mamia ya maikromoli ya gesi hiyo, na ziada tunayoitafuta ni chache tu.

Hatua ya 4: ukitaka kujua nani anaitoa, tumia naitrojeni nzito, ya uzito 15 (ya kawaida ni 14). Tia amonia iliyotengenezwa nayo, kisha pitisha gesi ya heli kwenye maji ili kufukuza oksijeni, na ufungie kichupa gizani. Gesi ya uzito 29 (14 + 15) ikionekana, hao ni bakteria wa anamoksi, wanaounganisha amonia na nitriti. Kwenye kichupa kingine tia nitriti iliyotengenezwa nayo: gesi ya uzito 30 (15 + 15) ni kazi ya wanaopumua nitrati na nitriti.

MASWALI

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Agoni ya nini tena?
— Marahaba. Agoni haiguswi na kiumbe yeyote, lakini joto na viputo vya mawimbi huiathiri karibu sawa na naitrojeni. Ukilinganisha hizo mbili, mabadiliko ya joto na mawimbi hupungua sana kwenye hesabu, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kazi ya bakteria.

Mwanachama, Kisumu: Nina mita ya oksijeni ya bwawa la samaki. Inafaa?
— Haifai, ndugu yangu. Mita yako ikisoma 0.1 mg kwa lita, hiyo ni kama maikromoli 3. Kwa maji haya hiyo ni nyingi mno. Kihisio cha STOX, kilichotengenezwa Denmark, husoma nanomoli, yaani sehemu ya elfu ya maikromoli. Na angalia vizibo vya mpira: navyo huachia oksijeni ndani ya kichupa.

Mwanachama, Salalah: Khareef (msimu wa kusi huku Oman) ikija bahari yetu hugeuka kijani. Basi hasara kubwa iko kwetu?
— Ungedhani hivyo! Lakini tabaka lenye nitriti nyingi, dalili ya kwanza tunayoitafuta, liko mbali zaidi, katikati na mashariki ya bahari, kuelekea India. Ukipata nafasi kwenye meli, omba wateke maji pande zote mbili.