Kabla ya kununua tangi la maji, hesabu siku zako kavu

Mwezi uliopita binti aliyehamia nyumba ya kona hapa kwetu Buruburu, Nairobi, alibisha langoni kwangu jioni. Yeye na mumewe wamenunua nyumba yao ya kwanza, na wiki yao ya pili mifereji ilikauka siku tano mfululizo.

"Mama, samahani kwa kukusumbua. Tununue tangi la lita ngapi? Bwanangu anasema elfu kumi."

Nikamuuliza, "Kwenu maji huja siku gani, na saa ngapi?" Hakujua. Nikamkaribisha chai, kwa sababu swali hilo ndilo la kwanza, na mimi nilichelewa miaka sita kujiuliza. Niliyomwambia jioni ile ndiyo haya, nikiongeza machache niliyoyakumbuka baada yake kuondoka.

Chukua kalenda uitundike jikoni. Kwa wiki nne au tano, kila siku maji yanapokuja, andika saa yalipoanza na saa yalipokatika. Ratiba ya mgao ipo, lakini inataja mtaa mzima, na nyumba iliyo mwisho wa bomba hupata baada ya wenzake wote. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka yenyewe hadi kwenye matangi ya Gigiri na kugawanywa mjini. Saa moja asubuhi, jiji zima likiwa linaoga, presha ikifika mwisho wa mtaa huwa imechoka. Kwangu huja Jumanne baada ya saa sita usiku na kukatika Jumatano kabla ya saa nne asubuhi. Bila kalenda nisingejua, kwa maana yanapoanza tumelala.

Kwenye hiyo kalenda tafuta pengo refu zaidi, si la wastani. Langu lilikuwa siku sita.

Halafu pima matumizi. Bili ya maji husaidia kidogo: uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo uniti 12 kwa mwezi ni kama lita 400 kwa siku. Lakini bili haikuambii maji yanakwenda wapi. Sisi tulikuwa watu watano, na nikapima kwa mtungi wa lita 20 kila kazi ya nyumba kwa siku tatu: kupika, vyombo, kuoga, kufua, kupiga deki. Kilichonishtua ni choo. Nilifunga maji yanayoingia, nikavuta, nikajaza lile tangi dogo la choo kwa jagi huku nikihesabu. Lita 11 kila mvuto! Watu watano wakivuta mara nne kila mmoja, hizo ni lita 220 kwa siku, maji safi yaliyotoka Murang'a.

Tukabadilisha choo kabla ya kununua tangi. Hiki cha sasa kina vibonyezo viwili, lita 3 na lita 6. Kwa mivuto ileile ishirini, mitano mikubwa na kumi na tano midogo, tunatumia lita 75. Tunaokoa lita 145 kila siku, na kwa wiki moja hizo ni zaidi ya lita 1,000. Ndiyo maana nilimwambia yule binti aanze na choo. Nyumba zetu ni za miaka ya sabini na themanini, na vyoo vingi ni vya zamani hizo.

Sasa piga hesabu: matumizi ya siku moja, mara pengo lako refu, ongeza siku mbili za dharura. Kwetu ilikuwa lita 300 mara siku nane, lita 2,400. Tukanunua tangi la lita 3,000. Lita 10,000 zingesimama hapo wiki nyingi bila kuisha, maji yakizeeka na matope yakijilundika chini, na saa zetu za mgao zisingelijaza.

La pili ni mahali pa kuliweka, na hapa naomba unisikilize sana. Mwaka 2004, kabla sijajua haya, tuliweka tangi la lita 2,000 juu ya zege la kile chumba cha nyuma. Fundi alisema zege ni imara. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo likijaa lingekibebesha chumba kile tani mbili. Haukupita mwaka, ufa ukatokea kutoka kona hadi kona, na mvua ya Aprili ikaanza kudondokea kitanda cha mama mkwe wangu. Tulimhamishia sebuleni usiku uleule. Na tangi lenyewe halikuwahi kujaa, kwa sababu presha ya usiku iliyofika kwetu ilitosha kutoa maji kwenye mfereji wa uani, haikutosha kuyapandisha hadi juu ya paa.

Kwa hiyo tangi kubwa likae chini, ardhini, mahali ambapo hata maji yanayotiririka kwa unyonge yataingia. Juu weka dogo, la lita 500 hivi, kazi yake ikiwa kuipa nyumba presha tu. Hata hilo la juu ni nusu tani, kwa hiyo likae juu ya makutano ya kuta, lisikae katikati ya zege, na mtu anayejua ujenzi aje aangalie kwanza. Pampu ndogo ya nusu hospawa yatosha kupandisha maji kwenye nyumba ya ghorofa moja kama zetu.

Wengine watakushauri uchimbe tangi la chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya Eastlands, huku kwetu mashariki mwa Nairobi, tumekalia udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi. Tangi la mawe na simiti ndani ya udongo huo hupata nyufa lisipojengwa kwa nondo na ustadi, na mashimo yetu ya majitaka yako hatua chache tu. Ukilichimba, mfuniko uwe wa kufungwa kwa kufuli. Watoto wa mtaa ni wa kila mtu.

Kitako cha tangi kiwe zege bapa lililopita ukubwa wa tangi pande zote, bila changarawe iliyochomoza. Chagua tangi jeusi, mwanga usipenye ukaotesha ule ukijani. Bomba la kumwagia maji yaliyozidi lifungwe wavu wa mbu, na lielekee kwenye mtaro wako, sio ukutani kwa jirani. Kama mnagawana ukuta, mwambie kabla fundi hajafika. Mimi na jirani yangu tumeishi vizuri miaka mingi kwa kuambiana mambo kama hayo.

Mafundi wetu wengi ni hodari, ila wanapenda kumaliza haraka. Kuna vitu vinne ambavyo utasimama pale uone kwa macho yako vimewekwa. Boya la kufunga maji tangi likijaa. Swichi ya kuzima pampu tangi la chini linapokauka, maana pampu ikizunguka bila maji huungua. Ile valvu inayozuia maji kurudi nyuma, wao huiita nonritani. Na mfereji mdogo kabla ya bomba kuingia kwenye tangi. Huo wa mwisho wengi hawauoni muhimu, na mimi nauona muhimu kuliko yote. Bomba likikaa tupu siku tano huvuta uchafu kupitia penye nyufa, na maji ya kwanza kurudi huja na rangi ya chai. Fungua mfereji huo, ndoo mbili tatu za kwanza ziende kwenye mimea, yakitakata ndipo uyaruhusu kuingia.

Usikubali kamwe pampu iunganishwe moja kwa moja na bomba la mtaa. Inanyonya maji ya majirani, na inanyonya pia huo uchafu wa kwenye nyufa.

Siku mgao ukikosekana kabisa utanunua maji ya lori au ya mkokoteni. Muulize muuzaji ameyatoa wapi. Mengi ni ya visima virefu, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, hasa wakiwa wadogo na meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kuchemsha hakuiondoi, maji hupungua nayo ikabaki. Maji hayo ni ya kufulia na chooni. Ya kunywa watoto, weka akiba ya mitungi miwili mitatu ya mfereji siku ya mgao, uchemshe kama kawaida.

Mvua nayo usiiache ipite. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la mita mraba 40, mvua ya milimita 20, ni lita 800, na hata ukipoteza robo bado una 600 za kufulia na kudeki. Mimi nina pipa lake kando, halikutani na maji ya mfereji. Gata zisafishwe Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli.

Kusafisha tangi kubwa fanya mara mbili kwa mwaka, siku moja kabla ya mgao, likiwa karibu tupu. Ufagio wa mpini mrefu, na kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwenye ndoo ya lita 10. Sugua, acha nusu saa, suuza, mwaga. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya chooni, na usimtume kijana aingie ndani peke yake, hewa humo ni nzito.

Yule binti alirudi Jumapili na karatasi yake. Pengo lao refu lilikuwa siku tano, na wako wawili na mtoto mchanga. Nepi za kitambaa zilikuwa zinakula lita 60 kwa siku peke yake. Wameagiza tangi la lita 2,000 la chini na dogo la juu, fundi anakuja Alhamisi, na mumewe ameomba ruhusa kazini ili asimame pale aone ule mfereji mdogo ukiwekwa.