Jiki au mafuta ya taa yakimwagika kwenye tuta la mboga

Kwanza usichume kitu. Muulize aliyemwaga ni nini, uione chupa kwa macho, wala usiinuse: huku kwetu Tabata dawa ya choo hupimwa dukani kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo.

Kama ni jiki, afadhali. Kwenye udongo huvunjika upesi na kubakiza chumvi. Vaa glavu, ng'oa mchicha uliolowa, hata ule uliopauka ukingoni tu, kisha mwagilia tuta maji mengi chumvi ishuke. Usimwage siki wala dawa ya choo eti kupunguza ukali. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu.

Mafuta ya taa ni balaa jingine. Mama mkwe wangu anaamini chumvi na ndimu huosha kila kitu. Kwa vumbi namkubalia, kwa haya hapana. Kuchemsha hakusaidii. Matembele yote tupa, kuku na mbuzi wasipewe, udongo uchimbe mpaka harufu iishe.

Ninachokiogopa hasa ni maji ya betri ya gari. Yana risasi, ile metali yenye sumu, nayo haioshwi wala haipungui kwa kupikwa. Hapo panda maua. Mboga zihamie kwenye viroba vyenye udongo wa kwingine.

Mtoto akiwa ameshakula, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe.