SOMO: Jinsi ya kujua kama RAM ya kompyuta yako ya zamani ndiyo mbovu

Wakuu, kila nikiingia nakuta lile lile: "Kompyuta inaleta skrini ya bluu, ninunue RAM mpya?" Nimejibu hadi basi. Naliweka hapa lote, na atakayeuliza tena ataletwa hapa.

Kwanza dalili. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikiwa mbovu haina ugonjwa mmoja. Leo skrini ya bluu inasema MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Programu zinajifunga zenyewe, faili uliyoipakua salama inagoma kufunguka, Windows inakwama katikati ya kusakinishwa. Ila kama mashine inazimika ghafla bila ujumbe wowote, anza kuangalia pawa saplai na joto la prosesa kabla ya kuisingizia RAM.

Hatua ya 1. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Usifute nakala za zamani ulizokuwa nazo! Kila unachonakili kinapita kwenye RAM hiyo hiyo unayoitilia shaka, kwa hiyo nakala mpya inaweza kutoka imeharibika.

Hatua ya 2. Ingia BIOS (programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows), rudisha mipangilio ya kiwandani.

Hatua ya 3. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi. Ni ya bure. Toleo la 5.01 linafanya kazi kwenye BIOS ya zamani tu, kuanzia la 6 linakubali na UEFI (mrithi wa BIOS kwenye mashine mpya). Flashi itafutwa yote.

Hatua ya 4. Washa mashine kupitia flashi, acha kipimo kimalize angalau mzunguko mmoja mzima. Ukiweza, kiache usiku kucha. Hakuna kosa "dogo" hapa: likitokea hata moja, endelea hatua ya 5.

Hatua ya 5. Kumtafuta mhalifu. Hapa ndipo watu wanapotupa RAM nzima, nami zamani nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo soma taratibu. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika chochote. Toa vijiti vyote vya RAM, rudisha kimoja tu, kwenye sloti (tundu la RAM) ambayo kitabu cha mazabodi (bodi kuu) kinasema ianze. Pima. Kisha toa hicho, weka cha pili kwenye sloti ILE ILE. Pima tena. Ukishapata kijiti kisicho na makosa, kihamishe sloti moja baada ya nyingine. Makosa yakikifuata kijiti, kijiti ni kibovu. Yakibaki kwenye sloti hata ukiweka kijiti kizima, shida iko kwenye sloti, mazabodi au prosesa, na RAM mpya haitakusaidia kitu. Ukibadilisha kijiti na sloti kwa pamoja, hujapima chochote.

Tahadhari: DDR2 na DDR3 (vizazi viwili vya RAM) zote zina pini 240 na urefu ule ule, lakini pengo la katikati halilingani, na DDR2 inatumia volti 1.8 wakati DDR3 ya kawaida ni 1.5. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Ikiingia, sukuma mpaka vibanio vibane.

Kabla hujahukumu kijiti, tazama ile safu ya dhahabu chini yake kwenye mwanga. Ukiona ukungu mweusi, sugua polepole kwa ufutio laini wa penseli, pangusa makombo yote kwa kitambaa kikavu, rudisha, pima upya. Usipulize sloti kwa mdomo, mate ni maji.

MASWALI

Kipanga_Mweusi: Mkuu nimefanya yote bado inagoma, nifanyeje?

Mwandishi: Yote yapi? Una vijiti vingapi, kila kimoja kimetoa makosa mangapi, kwenye sloti ipi? Rudi na majibu hayo.

Kipanga_Mweusi: Sina muda wa kupima kimoja kimoja.

Mwandishi: Basi huwezi kujua kibovu ni kipi.

Binti_wa_Waya: Windows si ina kipimo chake? Kwa nini nihangaike na flashi?

Mwandishi: Kipo, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta. Kikianza bonyeza F1 uchague kipimo kirefu. Kikikuta kosa, kiamini. Kisipokuta, bado nenda Memtest86+.

Msomi_Mdogo: RAM ya laptopu naweza kuweka kwenye ya mezani?

Mwandishi: Hapana. Ni fupi, haikai.

Nahodha77: Shukrani kwa somo. Makosa yangu yanatokea anwani (namba ya mahali ndani ya RAM) ile ile kila mzunguko. Yana maana tofauti na yanayotawanyika?

Mwandishi: Swali zuri sana, ndugu yangu. Anwani moja isiyobadilika kwa kawaida ni seli iliyokufa ndani ya chipu, na hiyo haisafishiki. Yakitawanyika ovyo, fikiria mguso mchafu, joto, umeme usiotulia au sloti. Kama unatumia Linux, unaweza kuiambia kernel (kiini cha mfumo) isiguse eneo hilo kwa kigezo cha memmap, mashine ikaendelea wakati unatafuta kijiti kingine. Ukiiandika kwenye mipangilio ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), ile alama ya $ inahitaji mikwaju ya nyuma (\) kabla yake, la sivyo inapotea njiani. Ukikwama, weka anwani zako hapa tuzitazame pamoja.

Mama_Soketi: Yangu haiwaki kabisa, inalia pii tatu tu.

Mwandishi: Kwenye BIOS ya AMI, pii tatu ni kosa la RAM. Watengenezaji wengine wana hesabu zao, kwa hiyo angalia kwanza BIOS yako ni ya nani. Kisha anza na ufutio na kijiti kimoja.

Fundi_Kimya: Niongezee, kasha likiwa wazi badilisheni na ile betri ndogo ya mazabodi, CR2032, kama saa inarudi nyuma kila mkizima. Na mkipuliza vumbi kwa hewa ya kopo, shikeni feni kwa kidole isizunguke.

Mama_Soketi: Betri naitoa umeme ukiwa umechomolewa?

Fundi_Kimya: Ndiyo mama, umechomolewa. Mipangilio ya BIOS itafutika, kwa hiyo ipige picha kwanza.