Bourbon na chai baridi ya kuangalizia Masters

Jumapili ya mwisho ya Masters, yale mashindano makubwa ya gofu kule Augusta, Marekani, mko sebuleni mnacheki, wala hamhitaji kinywaji cha mbwembwe. Chukua chai na limao, ule mchanganyiko alioupenda Arnold Palmer, jamaa aliyebeba Masters mara 4, halafu tia bourbon, ile wiski ya Kimarekani, basi.

Chai ya rangi chemsha mapema, iwe kali, iache ipoe kabisa maana ukiimwagia barafu ikiwa ya moto utakunywa maji tu. Glasi moja: barafu tele, bourbon mililita 50, chai 100, juisi ya limao 20, sukari iliyoyeyushwa 20, koroga, tupia mnanaa. Ile bourbon ya bei mbaya iache kabatini, limao litaifunika bure. Dereva mpe isiyo na pombe, bado tamu.