Lenzi au Sensa? Pima Kamera Yako Mbele ya Mlango wa Nakshi

Anayetaka nakshi za mlango wa Lamu zionekane hadi ncha ya kila jani lililochongwa hujiuliza anunue kamera yenye megapikseli nyingi zaidi au lenzi bora. Kabla ya kutoa fedha, na apime alichonacho. Mlango huohuo ni kipimo kizuri, kwa kuwa umejaa michoro midogo isiyopeperuka kama tanga la jahazi.

Wengi huamini kwamba ukali wa picha huamuliwa na kilicho dhaifu peke yake, lenzi au sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Si hivyo hasa, kwani hasara za viwili hivyo huzidishana. Tuseme lenzi inahifadhi asilimia 60 ya tofauti kati ya kivuli na mwanga katika michoro midogo, na sensa asilimia 50. Picha itabaki na asilimia 30. Sensa ya asilimia 70 nyuma ya lenzi ileile itakupa 42. Ndiyo maana hata lenzi ya zamani hunufaika na sensa mpya.

Katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, piga hodi kwanza uombe ruhusa ya wenye nyumba, kisha simamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ikiwa sambamba na mlango. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe 100, tumia kipima muda cha sekunde 2, ulenge kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, halafu piga picha ukianzia tundu pana kabisa la lenzi, kisha f/5.6, f/8 na f/16 (namba ikikua, tundu hupungua). Zitazame kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100, katikati na pembeni.

Pembe zikiwa na ukungu kwenye tundu pana na kutakata kwenye f/8, udhaifu ni wa lenzi. Picha nzima ikilegea kwenye f/16, usiilaumu lenzi: mwanga unaopita katika tundu dogo hutawanyika, na kila nukta huwa duara lenye upana wa mikromita 21 hivi, ilhali pikseli ya sensa ya milimita 36 kwa 24 yenye megapikseli 24 ina upana wa mikromita 6 tu. Hakuna lenzi, hata iwe ghali vipi, inayoepuka jambo hili. Lakini ukiona mistari ya rangi isiyokuwepo juu ya kitu chenye mistari ya karibukaribu, kama mkeka uliosukwa kwa ukindu mwembamba, lenzi inaleta zaidi ya sensa inavyoweza kupokea, na hapo megapikseli zaidi zitasaidia. Hata hivyo, kutoka 24 hadi 48 huongeza mistari inayotofautishika mara 1.4 tu, kuizidisha maradufu kunahitaji 96.

Picha zote zikiwa na ukungu, huenda ni chumvi ya bahari juu ya kioo cha lenzi. Puliza mchanga kwanza usije ukakikwaruza, ukifute kwa kitambaa laini, kisha urudie ile ya f/8.