Namna ya Kuzisikiliza Albamu za Peter Gabriel kwa Kuanzia kwenye Ngoma

Peter Gabriel, mwimbaji wa roki wa Uingereza, aliiacha bendi ya Genesis mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 25, na tangu hapo amefanya kazi kwa mwendo wa pole unaowachosha hata wapenzi wake wakubwa. Kati ya albamu ya Up ya mwaka 2002 na i/o ya mwaka 2023, kwa mfano, hakutoa albamu hata moja ya nyimbo zake mpya. Kwa sababu hiyo kazi zake zote zinaweza kusikilizwa kwa makini katika wiki chache, ilimradi msikilizaji ajue pa kuanzia. Wengi huanza na mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, wakaishia kumjua kama mwimbaji wa Sledgehammer na video yake maarufu. Ninashauri njia nyingine: anza na albamu ya tatu, ya mwaka 1980, na usikilize ngoma kabla ya kusikiliza maneno.

Kwanza liondoe tatizo la majina. Albamu zake nne za mwanzo, za mwaka 1977, 1978, 1980 na 1982, zote zinaitwa Peter Gabriel, kwa hiyo ukitafuta kwa jina tu utapotea. Tumia mwaka, au picha ya jalada. Ya kwanza inamwonyesha akiwa ndani ya gari lililojaa matone ya maji. Ya pili, kucha zake zinaonekana kana kwamba zinaichana karatasi ya picha. Ya tatu, nusu ya uso wake inayeyuka. Ya nne, uso umepindishwa hadi hautambuliki. Ya nne ilipewa jina la Security ilipotolewa Marekani. Pili, usitumie spika ya simu. Besi ya Tony Levin, aliyepiga naye tangu albamu ya kwanza, hupotea kabisa kwenye spika ndogo, na bila besi hiyo nusu ya muziki huu haipo. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha.

Sasa weka wimbo unaofungua albamu ya mwaka 1980, Intruder, na katika dakika ya kwanza usishughulike na kitu chochote isipokuwa ngoma. Anayepiga ni Phil Collins, mwenzake wa zamani wa Genesis. Gabriel alikuwa amewapiga marufuku wapigaji dramu wote wa albamu hiyo kutumia matoazi, na amri hiyo, inayoweza kuonekana ndogo, ilibadilisha kila kitu. Matoazi hujaza sehemu ya juu ya sauti karibu muda wote wa wimbo wa roki. Yakiondolewa, nafasi hubaki wazi, na vitu vidogo kama mluzi, mkwaruzo au pumzi ya mwimbaji husikika waziwazi.

Ngoma yenyewe ina mlio wa pekee ambao ulitokana na kazi ya mhandisi wa sauti Hugh Padgham. Katika studio ya Townhouse jijini London kulikuwa na maikrofoni iliyowekwa ili wanamuziki waweze kuzungumza na chumba cha mitambo, nayo ilikuwa na kifaa kinachobana sauti kwa nguvu sana. Ngoma zilipopita humo, mwangwi wa chumba ulivimba ukawa mkubwa kuliko kawaida, kisha kifaa kingine kikaukata ghafla kabla haujafifia, kama mlango unaofungwa kwa kishindo. Sikiliza kinachotokea baada ya kila pigo, si pigo lenyewe: unasikia ukubwa wa chumba, halafu kimya. Collins aliuchukua mlio huo na kuutumia mwaka uliofuata katika In the Air Tonight, na kwa miaka mingi baadaye ulisikika katika muziki wa pop wa kila upande wa dunia.

Ukimaliza hapo, vuka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, Biko. Steve Biko, kiongozi wa harakati za Black Consciousness (Mwamko wa Watu Weusi) nchini Afrika Kusini, alifariki dunia mikononi mwa polisi tarehe 12 Septemba 1977. Wimbo unachukua zaidi ya dakika saba, unafunguliwa na kufungwa kwa sauti za waombolezaji wakiimba, na kati ya ncha hizo mbili kuna mdundo mmoja mzito ambao karibu haubadiliki. Jaribu kuufuata mdundo huo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo wa kawaida wa maandamano ungepandisha kasi, ungeongeza ghadhabu. Huu unakataa kufanya hivyo, na ndiyo sababu nauona kuwa wimbo bora kuliko yote aliyoandika. Baada ya kuisikiliza rekodi ya studio, tafuta rekodi ya jukwaani. Mara nyingi aliuweka mwisho wa onyesho, wanamuziki wakatoka jukwaani mmoja baada ya mwingine, na ukumbi ukaendelea kuimba pamoja na ngoma.

Inafaa kujua kwamba kampuni ya Atlantic ilikataa kuitoa albamu hii Marekani, ikatolewa huko na Mercury.

Kutoka hapo nenda albamu ya mwaka 1982. Alikuwa amepata Fairlight, kompyuta iliyoweza kunasa sauti yoyote na kuipiga kwa vibonye vya kinanda, na kila wimbo umejaa sauti za namna hiyo. The Rhythm of the Heat unatokana na simulizi ya mwanasaikolojia Carl Jung kuhusu ngoma alizozishuhudia barani Afrika na hofu iliyomshika. Subiri mwisho wake, kikundi cha Ekome kinapoingia na ngoma za Ghana: kila kilichotangulia kilikuwa maandalizi ya dakika hiyo. Msikilizaji wa huku kwetu ana haki ya kuuliza kwa nini ngoma ya Kiafrika ionekane ya kutisha, nami naona swali hilo ni la msingi. Jibu la haki ni kwamba wimbo unaitazama hofu ya Mzungu mwenyewe.

Ndipo rudi nyuma hadi mwaka 1977 na Solsbury Hill, wimbo unaohusu uamuzi wake wa kuondoka Genesis, uliopewa jina la kilima karibu na mji wa Bath. Hesabu moja hadi saba kwa kugonga kidole mezani. Utaona kwamba wimbo mwepesi hivyo unakwenda kwa mapigo saba, isipokuwa katika vipande vichache. Albamu ya pili inaweza kungoja.

So, ya mwaka 1986, sasa utaisikia tofauti. Katika Mercy Street fuatilia sauti mbili za Gabriel, moja ikiimba chini kabisa ya nyingine, juu ya ngoma za Djalma Correa wa Brazil. Katika In Your Eyes, usizime kabla Youssou N'Dour wa Senegal hajaingia kwa Kiwolofu. Passion ya mwaka 1989, muziki alioutunga kwa ajili ya filamu ya Martin Scorsese, inahitaji usiku mtulivu na kusikilizwa yote bila kukatiza. Sauti ya Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan katika wimbo wenye jina la albamu haivumilii kusikilizwa nusu nusu. Us, ya mwaka 1992, inafuata kwa wenye subira na nyimbo za ndoa iliyovunjika. Kwa i/o, ambayo nyimbo zake zilichanganywa sauti kwa namna mbili, chagua kwanza mchanganyiko uitwao Bright-Side, kisha urudie wimbo mmoja tu katika Dark-Side ili usikie jinsi fundi mitambo anavyoweza kubadilisha uzito wa besi na ngoma.

Kuna hatua moja zaidi, na kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo yenye utajiri mkubwa. Mwaka 1982 Gabriel alishiriki kuanzisha WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, huko Shepton Mallet, Uingereza, ambako wapiga ngoma wa Burundi walitumbuiza. Tamasha lilileta hasara kubwa kiasi kwamba tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo aliimba tena na Genesis huko Milton Keynes ili kusaidia kulipa madeni. Halikufa, na mwaka 1989 ilifuata kampuni ya rekodi ya Real World, yenye studio katika kijiji cha Box. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilitoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila. Baadaye zilikuja Exile ya Geoffrey Oryema wa Uganda, iliyotayarishwa na Brian Eno, En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada wa Kenya na nyatiti yake (kinubi cha Waluo), na Chibite ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa na makao yake Bagamoyo. Isikilize albamu ya Remmy siku moja na Passion, kwa kuwa ni za mwaka mmoja na kampuni moja, ukianza na Kipenda Roho. Kisha weka Chibite kwa hedifoni zilezile ulizotumia kwa Intruder, na usikilize jinsi ilimba (ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba) na sauti za Wagogo zinavyojaza nafasi yote bila matoazi, bila besi ya umeme na bila mashine yoyote.