Siku ya Karakana Wazi Japani: Anza kwa Mafundi, Picha Baadaye

Kila mwaka makampuni ya reli ya Japani hufungua karakana zake kwa wananchi, kwa kawaida siku moja tu, na watu humiminika na watoto, kamera na pesa za kununua vipuri vya zamani. Mara yangu ya kwanza nilisimama foleni ya picha kwa saa mbili nzima. Nilipofika kwenye jengo la mafundi, maonyesho yalikuwa yamekwisha na watu wanafagia. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja: mafundi kwanza, picha zinafuata. Ndio ninaokupa hapa.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe, omba mapema

Msimu mkubwa ni Oktoba na Novemba, kwa sababu Oktoba 14 ni Siku ya Reli. Tarehe hiyo mwaka 1872 ilizinduliwa rasmi reli ya kwanza ya nchi hiyo, kutoka Shimbashi hadi Yokohama. Lakini usingoje Oktoba tu: karakana ya kampuni ya reli ya JR East pale Omiya, mkoa wa Saitama, kwa miaka mingi ilizoeleka kufungua mwezi wa Mei. Kwa kampuni nyingine, fuatilia Tobu (Minami-Kurihashi), Keio (Wakabadai) na Hankyu (Shojaku, upande wa Osaka).

Soma tangazo la kampuni yenyewe, hata kama ni kwa programu ya kutafsiri, na utafute neno 抽選, linalosomwa *chūsen*. Maana yake ni kura. Ukiliona, ujue lazima uombe kabla ya siku ya mwisho na jina lako litoke; ukifika getini bila kibali utarudishwa. Tangu janga la korona utaratibu huu umeenea sana.

Kama ni safari yako ya kwanza, mimi ningekupeleka Omiya. Kazi ya reli pale ilianza mwaka 1894, na ndani ya uwanja kimewekwa kichwa cha mvuke D51 187, cha kwanza kuundwa na karakana hiyo, mwaka 1938. Kura ikikukataa, Jumba la Makumbusho ya Reli liko kituo kimoja tu kutoka stesheni ya Omiya kwa treni ya New Shuttle, kwa hiyo nauli yako haipotei.

Hatua ya 2: Funga mkoba mwepesi

Beba pesa taslimu, tena noti ndogo na sarafu, maana meza nyingi za vipuri hazina subira na noti ya yeni 10,000. Beba maji, kofia na kipande cha turubai cha kukalia wakati wa kula. Stendi ya kamera na ngazi ya kupandia acha nyumbani; karibu kila mahali vimekatazwa, na walinzi hawabishani, wanakuonyesha tu bango. Lenzi ndefu nayo haina kazi kubwa, kwa kuwa treni utazisimamia karibu.

Jaza salio la kutosha kwenye kadi yako ya Suica, ile ya kulipia nauli ya treni, asubuhi. Jioni kila mtu yuko kwenye mashine ileile.

Hatua ya 3: Ingia moja kwa moja kwenye jengo la mafundi

Geti likifunguliwa, umati utakimbilia sehemu mbili: meza ya vipuri na mstari wa treni za kupigwa picha. Waache waende. Kama roho yako iko kwenye kipuri fulani, kibao cha jina la kituo au mpini wa dereva, chukua kwanza namba ya foleni ikiwa wanagawa, kisha njoo huku.

Ndani utakutana na harufu ya grisi na chuma kilichotoka kukerezwa. Mabehewa yamenyanyuliwa, magurudumu yametolewa chini yake. Treni nyingi za kawaida Japani hufunguliwa sehemu zake muhimu kila miaka 4 au kilomita 600,000, na kila baada ya miaka 8 hufumuliwa nzima. Unachokiona hapo ni kazi hiyo ikiwa imesimamishwa katikati ili wewe uione.

Ukikuta meza ya nyundo, simama. Fundi hukupa nyundo ndogo yenye mpini mrefu, ugonge boliti mbili. Iliyokazwa inalia wazi, *ting*, na sauti inakaa. Iliyolegea inatoa mlio mfu, na unausikia hata kwenye kiganja. Rudia mara tatu, nne, mpaka sikio likubali. Kisha inama uitazame ile boliti: utaona mstari mwembamba wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokishika. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na mkaguzi anaona kwa jicho bila kushika spana.

Uliza. Sema "sumimasen" (samahani), onyesha kwa kidole, ngoja. Wazee wa karakana hufurahi sana kuulizwa kuhusu kazi ya mikono yao. Mmoja nilimwonyesha kwamba reli tuliyosimama juu yake, ya milimita 1,067, ndiyo upana wa TAZARA. Alichukua chaki akaandika namba hiyo sakafuni na kuniomba nimwonyeshe Dar es Salaam kwenye simu.

Hatua ya 4: Sasa nenda kwenye picha

Baada ya saa sita mchana foleni hupungua. Maandishi ya mbele ya treni nyingi ni taa za LED zinazowaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, hivyo ukipiga kwa spidi kubwa yanatoka nusu. Shusha shata hadi 1/100 au chini zaidi, ujaribu picha mbili kabla zamu yako haijafika. Wafanyakazi hubadilisha maandishi hayo kila baada ya dakika chache. Ukikosa moja, ngoja lijalo. Usipige sura za watoto wa watu, na fundi muombe ruhusa kwanza.

Hatua ya 5: Ondoka nusu saa kabla ya kufungwa

Utapata nafasi ya kutembea taratibu hadi stesheni. Ukiwa jukwaani, treni ikisimama upande wa pili wa reli, usitazame madirisha. Tazama chini, kwenye magurudumu. Ile mistari ya rangi utaiona, boliti baada ya boliti, yote imenyooka.